Mafua ni Neno Dogo

Nilipokwenda Ruangwa mara ya mwisho, msimu wa korosho ulikuwa umekolea. Ukitoka Nachingwea asubuhi unapishana na malori ya magunia, na kwenye bodaboda unaona matenga ya kuku yamefungwa kwa mipira, vichwa vinachungulia nje. Msimu huo kila mtu ana hela kidogo, na mwenye hela kidogo hutaka kitoweo. Nami nilijua changu kinanisubiri, maana kwa bibi mgeni hajawahi kukosa kuku.

Safari hii nilikuta ugali na kisamvu. "Kuku wameisha, mume wangu," bibi aliniambia baada ya kuitikia shikamoo yangu. "Mdondo umepita. Kumi na wanne kwa siku tano. Kabaki huyo jogoo na mtetea mmoja mwenye mguu mbovu."

Nikamuuliza amejuaje kama ni mdondo. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa amejuaje kama mvua ni mvua. Kuku walizubaa, akasema, mbawa zikashuka, wakaharisha kijani, wawili wakapinda shingo. Wengine hata hawakuumwa, walikutwa tu asubuhi wamekufa. Wanne waliwahiwa na kisu kabla hawajafa, wakaliwa. "Kuku wakifa wengi kwa pamoja ni mdondo. Tangu nizaliwe."

"Na kama ni mafua ya ndege, bibi?"

Akacheka. "Mafua? Mafua yanaua?"

Nilikuwa na wiki kadhaa nasoma tafiti za homa ya mafua, ya ndege na ya watu, kwa ajili ya kazi yangu. Kichwani nilikuwa na majina ya maabara za Glasgow, Berlin na Atlanta. Lakini pale kwenye mkeka sikuwa na jibu ambalo lingemfaa bibi, nikaendelea kula kisamvu. Makala hii ndiyo jibu lenyewe, limechelewa kidogo.

Nianze na neno. Mafua kwa Kiswahili ni kamasi na kupiga chafya, ni limau na tangawizi, kesho unaenda kazini. Wafugaji nao wana "mafua ya kuku", ugonjwa mwingine kabisa unaoletwa na bakteria, unaomvimbisha kuku uso na kumtoa kamasi. Kisha redio ikatuletea "mafua ya ndege", na mwaka 2009 "mafua ya nguruwe". Yaani neno moja kwa vitu vinne, na katika hivyo vinne, kile ambacho kila mtu amekionja mwilini mwake ndicho kidogo kuliko vyote. Wataalamu huandika "homa ya mafua makali ya ndege" wakijaribu kuongeza uzito. Jina refu hivyo linakaa vizuri kwenye bango la ofisi, lakini halisemeki mnadani. Mdondo, kwa upande wake, ni jina linalojitosheleza: linadondosha kuku, basi.

Lakini tusimcheke bibi. Wataalamu wenyewe walichanganya maradhi haya haya mawili kwa muda mrefu sana.

Mwaka 1878, Edoardo Perroncito, mtaalamu wa magonjwa ya wanyama kule Italia, alieleza ugonjwa uliokuwa ukifyeka kuku wa kaskazini mwa nchi yake. Ukaja kuitwa tauni ya kuku. Mwaka 1901 watafiti wa Italia wakaonyesha kwamba kisababishi chake kinapenya kwenye chujio linalozuia bakteria, maana yake ni kitu kidogo zaidi ya bakteria. Leo tunaita virusi. Miaka ikapita, na mwaka 1926 ugonjwa wa kuua kuku ukazuka Java na pia karibu na mji wa Newcastle, Uingereza. Ulifanana na tauni ya kuku kila kitu. Ila mtafiti aliyeitwa Doyle aligundua jambo: kuku aliyepona ugonjwa mmoja, ukimpa mwingine anakufa. Basi ni maradhi mawili. Huo wa pili ukapewa jina la mji, na ndio huo sisi tunauita mdondo, au kideri kwa wengine.

Ule wa kwanza je? Uliendelea kuitwa tauni ya kuku, na hakuna aliyeuhusisha na binadamu. Kirusi cha homa ya mafua ya watu kilikuja kupatikana London mwaka 1933. Ilibidi isubiriwe mpaka 1955, pale mtafiti wa Kijerumani, Werner Schäfer, alipoonyesha kwamba tauni ya kuku ni homa ya mafua aina A, ukoo ule ule unaowaugua watu. Hebu fikiria. Kirusi cha kwanza cha homa ya mafua kilishikwa mikononi mwa wanasayansi mwaka 1901, kutoka kwa kuku, na ilichukua zaidi ya nusu karne kutambua walichokuwa wameshika. Kati ya mwaka huo wa 1901 na 1955 ukoo huo ulipita duniani ukaua watu wanaokadiriwa kufika milioni 50. Ulipita na kwetu.

Na hapa ndipo historia ya kusini inapoanza kuniuma.

Mwaka 1917, nchi hii ya Nachingwea na Ruangwa ilikuwa uwanja wa vita. Waingereza walikuwa wakimfukuza Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck na askari wake kutoka pande za Kilwa na Lindi. Jina la Narung'ombe, ambalo leo ni kata ya Ruangwa, limo kwenye vitabu vya vita hiyo kwa pigano la Julai 1917. Ruponda, leo kata ya Nachingwea, ilikuwa ghala la chakula la Wajerumani mpaka Waingereza walipoiteka Oktoba mwaka huo. Siku chache baadaye yakaja mapigano ya Mahiwa, mabaya kuliko mengi ya vita hiyo katika Afrika, na ya Lukuledi. Novemba Lettow-Vorbeck akavuka Ruvuma akaingia Msumbiji.

Vita hiyo ilibebwa kichwani. Malori hayakupita, ng'ombe na farasi walikufa kwa ndorobo, kwa hiyo unga, risasi, dawa na hata mizinga iliyofunguliwa vipande ilibebwa na watu. Upande wa Waingereza peke yake waliandikisha wapagazi mamia ya maelfu, na hesabu yao wenyewe ya waliokufa ni kubwa kuliko ya askari. Jina la kikosi chao tunalitamka kila siku bila kuwaza: Kariakoo ya Dar es Salaam imetokana na "Carrier Corps". Askari wa pande zote mbili walikula kutoka kwenye maghala ya wanakijiji. Mwanamume aliyebaki nyumbani alichukuliwa, na mtama uliobaki ghalani ukachukuliwa pia.

Homa ilikuta watu katika hali hiyo. Wimbi kali la 1918 lilifika pwani ya Afrika Mashariki kwa meli, karibu Septemba, likapanda bara kwa reli na kwa miguu ya wapagazi waliokuwa wakirudishwa makwao. Lettow-Vorbeck mwenyewe, aliyerudi kuvuka Ruvuma mwishoni mwa Septemba 1918 kuelekea Songea na Ubena, ameandika jinsi safu yake ilivyoshikwa na homa ya mapafu njiani mpaka wengine wakaachwa. Alisalimu amri Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, tarehe 25 Novemba 1918. Makadirio yanayotajwa sana kwa Tanganyika nzima ni watu 50,000 hadi 80,000 waliokufa kwa homa hiyo.

Tofauti na mafua ya kawaida yanayowatesa zaidi wazee na vichanga, homa ya 1918 ilichagua watu wazima wenye nguvu, wa miaka 20 hadi 40. Ndio hao hao waliopaswa kushika jembe mvua zilipoanza. James Ellison, aliyechunguza athari zake kusini-magharibi mwa Tanzania, pande za Njombe, ameonyesha jinsi ugonjwa ulivyofungana na njaa: aliyeugua wakati wa kupanda hakupanda, na asiyepanda hakuvuna. Ugogoni njaa ya miaka ile ilipata jina, Mtunya, na mwanahistoria Gregory Maddox akaiandikia.

Na kwetu? Terence Ranger, mwanahistoria aliyeandika kuhusu Masasi, jirani wa Nachingwea, aliandika pia kuhusu homa ya 1918. Lakini homa aliyoiandikia ni ya Rhodesia ya Kusini. Nilipomuuliza bibi kuhusu miaka ile, alikuwa na hadithi za mama yake: Majimaji, njaa iliyofuata, vita ya Mjerumani, watu waliochukuliwa kubeba mizigo wasirudi. Nikamchokoza: hawakurudi kwa sababu gani? "Walikufa huko." Kwa nini? "Mume wangu, mpagazi anakufa kwa nini? Anakufa kwa mzigo."

Ni jibu ambalo huwezi kulibishia, na wakati huo huo linaficha kitu. Ndani ya huo "mzigo" mmoja mna kuhara, malaria, njaa, risasi na homa ya mafua, kama ndani ya "mdondo" mmoja kunavyoweza kulala maradhi zaidi ya moja. Nani angeandika tofauti? Mji wa Nachingwea wenyewe haukuwepo. Ulikuja na mpango wa karanga wa Waingereza mwaka 1947, pamoja na reli iliyotoka Mtwara. Wamisionari Wabenediktini wa Ndanda, ambao walikuwa na tabia ya kuandika kila kitu, walikuwa Wajerumani, na Waingereza waliwaondoa kwa sababu ya vita. Wenye kalamu hawakuwepo na wenye kumbukumbu walikufa. Pale Nachingwea kuna kata inaitwa Stesheni, na reli iling'olewa miaka ya 1960. Angalau treni imeacha jina. Homa ya 1918 haikuacha hata hilo.

Sasa linganisha na kwingineko. Septemba 26, 1918, askari mmoja wa miaka 21, Roscoe Vaughan, alifia kambi ya jeshi ya South Carolina, Marekani. Daktari akakata kipande kidogo cha pafu lake, akakitia dawa, akakizungushia nta na kukipeleka Washington kuhifadhiwa. Kikakaa kwenye kabati karibu miaka 80. Novemba mwaka ule ule, kijiji kidogo cha Brevig Mission, Alaska, kilipoteza watu 72 kati ya watu wazima wapatao 80 ndani ya siku tano. Walizikwa pamoja kwenye ardhi isiyoyeyuka barafu yake. Mwaka 1951 mwanafunzi wa udaktari, Johan Hultin, alifukua kaburi hilo kwa ruhusa ya wazee akitafuta kirusi, akashindwa. Mwaka 1997, akiwa na miaka 72, alisoma kwamba Jeffery Taubenberger na Ann Reid wamepata mabaki ya kirusi kwenye kipande cha pafu la Vaughan. Akarudi Alaska kwa hela zake, akiwa na mkasi wa bustani wa mkewe, akachimba tena na kupata mwili wa mwanamke aliyekuwa mnene. Mafuta yalikuwa yameyalinda mapafu.

Kutokana na vipande hivyo, mwaka 2005 kikundi cha Taubenberger kilikamilisha kusoma vinasaba vyote vya kirusi cha 1918, na Terrence Tumpey akakiunda upya ndani ya maabara yenye ulinzi mkali kule Atlanta. Kilipopewa panya kiliwaua kwa kasi ya kutisha. Mwaka 2022 watafiti wa Ujerumani walitangaza kusoma virusi kutoka mapafu yaliyohifadhiwa Berlin na Munich, wakiwemo wanajeshi wawili waliofia Berlin Juni 1918, kabla wimbi kubwa halijafika. Mwaka 2025 ikaja Zürich: kijana wa miaka 18 aliyekufa Julai 1918, kirusi chake tayari kikiwa na mabadiliko yaliyokisaidia kukwepa kinga ya binadamu.

Walichojifunza ni nini? Kwamba vinasaba vya kirusi cha 1918 vinafanana mno na vya virusi vya ndege. Kikundi cha Taubenberger kilisema kimetoka kwa ndege karibu chote na kujizoeza kwa watu. Michael Worobey na wenzake, mwaka 2014, wakasema hapana, ni mchanganyiko: sehemu moja ilikuwa tayari inazunguka kwa watu, ikakutana na vinasaba vya ndege. Mabishano hayajaisha, lakini ndege hatoki kwenye hadithi.

Mchanganyiko huo unawezekana kwa sababu ya umbile la kirusi chenyewe. Vinasaba vyake viko katika vipande vinane vilivyotengana, kama karata nane. Virusi viwili tofauti vikiingia kwenye seli moja, karata zinachanganywa, na kinachotoka kinaweza kuwa na karata za wote wawili. Homa kubwa ya 1957 na ile ya 1968 zilizaliwa hivyo, karata za ndege zikiingia katikati ya karata za watu. Ile ya 2009 ilichanganyikia kwa nguruwe.

Ndege wa majini ndio nyumba ya asili ya virusi hivi. Bata mwitu anaweza kukibeba tumboni, akakimwaga majini na kinyesi chake, asiumwe hata kidogo. Kirusi cha kwanza kabisa kupatikana kwa ndege wa porini kilitoka Afrika: mwaka 1961 ndege wa baharini walikufa kwa mamia pwani ya Afrika Kusini, na kirusi chao kilikuwa cha kundi la H5, kundi lile lile tunaloogopa leo.

Kinachotuokoa mpaka sasa ni milango. Kirusi huingia kwenye seli kwa kushika aina ya sukari iliyoko juu yake. Sukari ya utumbo wa ndege na ile ya koo na pua ya binadamu zimeungana kwa namna tofauti kidogo, kwa hiyo kirusi cha ndege kikifika kwetu ni kama ufunguo wa kufuli jingine. Mlango wa pili uligunduliwa na watafiti wa Glasgow mwaka 2023: jeni yetu inayoitwa BTN3A3, inayofanya kazi kwenye njia ya hewa, huzuia virusi vingi vya ndege visizaliane. Virusi vyote vikubwa vilivyowahi kuenea kwa watu, ule wa 1918 ukiwemo, vilikuwa vimepata njia ya kuikwepa.

Habari mbaya ni kwamba milango haijajengwa kwa zege. Machi 2024 Marekani ilitangaza kwamba H5N1 imeingia kwa ng'ombe wa maziwa, jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Desemba mwaka huo utafiti wa California ulionyesha kwamba badiliko moja tu kwenye protini ya kirusi cha ng'ombe lingekisaidia kushika sukari ya binadamu. Badiliko moja si ugonjwa unaoenea, mengine yanahitajika. Lakini umbali ni mfupi kuliko tulivyodhani. Tangu 2003 watu zaidi ya 900 duniani wamethibitika kuugua H5N1, na karibu nusu yao wamekufa. Wengi waliipata kwa kugusa kuku wagonjwa: kuwachinja, kuwanyonyoa, kuwatoa utumbo.

Nikawakumbuka wale kuku wanne wa bibi waliowahiwa na kisu.

Usinielewe vibaya. Mpaka ninapoandika, ninachojua ni kwamba mafua makali ya ndege hayajatangazwa Tanzania, na kuku wa bibi kwa kila dalili walikufa kwa mdondo. Lakini yamebisha hodi kwa majirani. Mwaka 2006 yaliingia Nigeria na Misri, na Misri ikaja kuwa na wagonjwa wa binadamu zaidi ya 350. Januari 2017 Uganda ilitangaza ndege wa porini kufa ufukwe wa Lutembe, Ziwa Victoria, na kuku na bata wa Masaka nao wakaugua. Mwishoni mwa mwaka huo huo, serikali yetu ilichoma moto vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya kupitia Namanga, watu wakabishana wiki nzima mitandaoni kama ule ulikuwa ulinzi wa afya au vita ya biashara. Mwaka 2023 Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, ilithibitisha aina ya H7 kwenye shamba kubwa la kuku wa mayai Inhambane.

Tunalinda mpaka, sawa. Ila ndege wa porini hapiti Namanga, na kuku wa kienyeji wa Ruangwa hawana geti. Wanalala jikoni, wanachakura jalalani, wanakunywa maji pamoja na bata wa jirani. Siku ugonjwa mgeni ukiingia, wa kwanza kuuona hatakuwa daktari. Atakuwa mama mmoja asubuhi na mapema, ameshika kuku wa pili aliyekufa. Naye atasema neno ambalo lugha na maisha yake vimemfundisha: mdondo. Atachinja waliozubaa ili asipate hasara yote. Wengine atamuuzia mchuuzi anayepita na matenga yake, kwa sababu ada ya shule haingoji. Ndani ya siku mbili kuku hao wako Lindi au Dar es Salaam. Hakuna atakayekuwa amefanya kosa. Kila mtu atakuwa amefanya kile alichofanya bibi yake.

Nilichojifunza, na hiki ndicho ningependa ubaki nacho, ni kwamba njia ya kuyasikia mafua ya ndege vijijini inaanza na kuumaliza mdondo. Watafiti wa kuku wa vijijini wamelisema hili kwa miaka sasa. Mahali ambapo kuku hufa kila mwaka, kifo cha kuku si habari. Mahali ambapo kuku wamechanjwa na hawafi, kuku kumi wakianguka kwa usiku mmoja ni habari, na mtu atapiga simu. Chanjo ya mdondo inalinda kitoweo, na juu ya hapo inakipa kifo sauti.

Na chanjo yenyewe ipo, wala si ya ajabu. Inaitwa I-2, imetokana na kirusi kipole kilichochaguliwa Australia chini ya Peter Spradbrow kwa ajili ya nchi kama yetu, kwa sababu inastahimili joto kuliko chanjo nyingi. Hapa nchini inatengenezwa na Wakala ya Maabara ya Veterinari, Kibaha. Ni tone moja kwenye jicho la kuku, kila baada ya miezi mitatu. Huko Sokoine, Morogoro, watafiti wamekuwa wakichunguza kwa nini baadhi ya kuku wetu wa asili, kina kuchi na ching'wekwe, wanahimili mdondo kuliko wenzao.

Tatizo ni hesabu ya kijiji. Kichupa kimoja kina dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, na kikishafunguliwa hakikai. Bibi mwenye kuku wawili hawezi kununua peke yake, na akinunua, kuku wa jirani ambao hawajachanjwa ndio watakaoendelea kufa. Hii ni chanjo inayotaka watu wakubaliane siku moja, nyumba kwa nyumba, kabla msimu mbaya haujafika. Nadhani ndiyo maana mabango hayatoshi.

Kabla sijaondoka nilikwenda na bibi kwa jirani, kisha kwa jirani wa pili. Hadithi ya Alaska niliiacha, nikawaambia tu habari ya tone na bei ya kichupa kizima ikigawanywa. Kulikuwa na maneno. Mzee mmoja alisema chanjo inawaua kuku. Ikaonekana aliwahi kuchanja waliokwisha kuugua. Mama mmoja akauliza nani atakayewakamata, maana kuku wa kienyeji kumkamata mchana ni mbio za Mwenge. Ikakubalika wachanjwe usiku, wakiwa wamelala, kwa tochi ya simu. Nikachangia sehemu ya bibi, nikapanda basi.

Mwezi uliofuata alinipigia. Wamechanja, nyumba tisa. Yeye ameongeza mitetea watatu aliopewa na dada yake wa Nachingwea, na mmoja ameanza kutaga.

"Sasa niulize," akasema. "Hawa tumewatia matone. Wakifa tena wengi kwa pamoja, nitasema ni nini?"

"Hutasema, bibi. Usichinje, usiuze. Mpigie bwana mifugo kwanza, halafu ndio unipigie mimi."

Kimya kidogo kwenye simu. Nikamsikia akimfukuza kuku jikoni.

"Kwa hiyo," akasema, "mafua yanaua."

"Yalishawahi kuua, bibi. Hata huko kwenu."

"Kina nani?"

Sikuwa na jina hata moja la kumpa.